Viti Vyenye Jina la Baba

Wabelgiji hawabadilishi jina wanapoolewa. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu laiti ningeambiwa mapema, hata na mtu mmoja tu, nisingekuwa na hasira hii ambayo mpaka leo ikiamka nashindwa hata kukata kitunguu.

Mume wangu ni Mkongo wa Lubumbashi aliyekuja Brussels kusoma akabaki. Tulikutana Dar es Salaam, alipokuwa akifuatilia magari yake ya mitumba bandarini, na tulifunga ndoa kanisani kwetu Morogoro. Kabla ya kushughulikia karatasi za safari, kilikaa kikao cha familia kuhusu jina langu. Shangazi zangu walisema wazungu hawaamini ndoa ambayo mke na mume wana majina tofauti, watasema ni ndoa ya makaratasi. Mume wangu alikubali akidhani hiyo ndiyo mila ya wakwe zake Watanzania. Mimi nilikubali nikidhani ndiyo mila ya Wakongo. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Wahenga walisema ukiingia nchi ya chongo, fumba jicho. Sisi tulifumba jicho tukiwa bado Morogoro, kisha tukafika huko tukakuta watu wote wana macho mawili.

Pasipoti mpya ikatoka na jina langu la ubatizo, halafu jina la mume. La baba halikuwemo.

Baba alikuwa na tabia moja iliyojulikana mtaa mzima. Kila kitu alichonunua alikiandika jina lake kwa rangi nyekundu: viti, masufuria, ndoo, hata mpini wa jembe. Vitu vyake viliazimwa kwenye kila harusi na kila msiba, na alisema kitu kisicho na jina hakijui njia ya kurudi nyumbani. Siku nilipomwonyesha pasipoti, alikuwa uani na kopo lake la rangi. Alivaa miwani, akaisoma, akanirudishia.

"Sasa wewe, mwanangu, nikuandike wapi?"

Tulicheka wote. Nami nilicheka, tena kwa sauti.

Brussels, kwenye ofisi ya komini yetu, yaani serikali ya mtaa, karani alichukua cheti changu cha kuzaliwa, akaandika jina la baba kwenye kitambulisho changu cha ukaazi. Nikamwonyesha pasipoti. Akatikisa kichwa. Kifaransa changu wakati huo kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo mume wangu alinitafsiria: hapa mwanamke anazaliwa na jina lake na anakufa nalo, ndoa hailigusi. Kisha yule karani akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kwetu wanawake wanalazimishwa kuacha majina yao. Nilitamani kumrukia. Nilikuwa nimelifuta jina la baba yangu ili kumridhisha yeye, na sasa ananionea huruma.

Jumamosi ile nilikwenda Matonge, mtaa wa Waafrika hapo Brussels, kusukwa. Shangazi wa mume wangu, ambaye wote tulimwita maman, alikuwa na kiti chake katika saluni moja ya Galerie d'Ixelles. Nilimsimulia nikiwa nimeinamisha kichwa mapajani mwake. Mikono yake ikasimama.

"Kwetu mwanamuke habadirishake jina. Miye niliolewa kanisani kabisa, niko na batoto saba, lakini jina yangu iko ya papa. Alors, nani alikudanganya?"

Saluni nzima ilicheka. Mmoja alisimulia kwa Kilingala kwa wale ambao hawakusikia, wakacheka upya. Mila ya Wakongo haikuwepo, mila ya wazungu haikuwepo. Ilikuwepo heshima yetu tu, ile ya kuona haya kuuliza.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu tulirekebishe jina langu kwenye pasipoti. Alikuwa anakula.

"Bon, iko jina tu. Tutaitengeneza."

Hilo neno, iko jina tu, nililisikia miaka mingi. Nikianzisha habari ya ubalozi, alikuwa na gari la kupeleka bandarini Antwerp. Nikitaka kwenda mwenyewe, palihitajika saini yake, na saini ilikuwa na gari lake huko huko Antwerp. Akazaliwa mtoto, nikapata kazi ya usafi wa ofisi, maisha yakaenda. Wanawake wawili waliishi ndani ya pochi yangu bila kusalimiana: mmoja kwenye pasipoti, mwingine kwenye kitambulisho. Watu wa kanisani walinishauri nisijisumbue, wakanikumbusha kwamba hasira hasara. Najua. Lakini na upole je, wenyewe haujawahi kumtia mtu hasara?

Kisha kaka yangu akapiga simu. Moyo wa baba ulikuwa umechoka, daktari alisema kama kuna mtoto aliye mbali basi asogee. Baba mwenyewe alikuwa ameshaulizia mara kadhaa nitafika lini. Nililia huku napanga nguo. Mume wangu, na nampa haki yake, alihangaika siku hiyo hiyo kutafuta tiketi. Alimpigia jamaa yake wa Matonge anayeuza tiketi, akaulizwa jina langu, akachukua karatasi ya kwanza aliyoiona mezani akamsomea. Ilikuwa kitambulisho.

Kwenye uwanja wa ndege wa Zaventem, mwanamke wa kaunta alitazama tiketi, akatazama pasipoti, akarudia. Akaomba kitambulisho. Nikampa, nikiamini sasa mambo yataisha. Akaviweka vyote vitatu mbele yake akasema tiketi na kitambulisho ni vya mtu mmoja, pasipoti ni ya mtu mwingine. Picha zilikuwa uso wangu huu huu. Nikatoa cheti cha ndoa. Alikisoma akasema kinathibitisha kwamba nimeolewa, hakimpi ruhusa ya kumpakia msafiri ambaye jina lake haliko kwenye tiketi. Jina kwenye tiketi ile halibadilishwi, inunuliwe nyingine, na ndege ya jioni hiyo imejaa. Hakunifokea. Bora angenifokea. Nilimwambia kwa Kifaransa, ambacho sasa nilikijua vizuri, kwamba baba yangu anakufa. Alisema anasikitika, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Kwa hiyo mmoja wa wale wanawake wawili alikuwa na tiketi, mwingine alikuwa na pasipoti, na hakuna aliyesafiri.

Nilikaa kwenye benchi na sanduku langu. Kaka alipiga simu akasema baba anauliza kama ndege imeshapaa. Nikasema bado kidogo. Akampa baba simu. Nilisikia pumzi tu, halafu kaka akaichukua tena simu. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni akiongea na jamaa wa tiketi, naye alipomaliza alinigeukia akafungua mdomo. Nilimwambia akitamka lile neno lake leo, hapa hapa, tutaitiwa polisi. Akafunga mdomo. Tiketi ya jina la mume ilipatikana ya kesho yake, na kabla sijaondoka nyumbani kwenda kupanda ndege, baba alikuwa ameshatutoka.

Morogoro nilikuta uani kumejaa viti. Vya kwetu na vya majirani, lakini vya kwetu nilivijua kutoka mbali kwa maandishi mekundu migongoni. Waombolezaji walikuwa wameegemea jina la baba. Wali ulichemka ndani ya jina la baba. Kanisani kaka alisoma wasifu wa marehemu, akafika kwenye watoto, na mimi akanitaja kwa jina la mume, Bibi fulani wa Ubelgiji, kwa sauti ya kuninyanyua kabisa. Alidhani ananipa heshima. Sufuria lilikuwa la baba kuliko mimi.

Niliporudi Brussels sikumsubiri mtu wala gari. Nilimwambia mume wangu siku na saa, nikamwambia anipeleke na asaini. Ubalozini kwetu nilihudumiwa na mama mmoja wa makamo, mkarimu, mwenye Kiswahili cha Dar kilichonitia hamu ya nyumbani. Alisoma maombi yangu ya kurudisha jina la baba, akashusha sauti ili walio nyuma wasisikie.

"Umeachika, mdogo wangu?"

"Hapana, dada. Nimefiwa."

"Oh, pole sana. Mume alikuwa anaumwa?"

"Mume yuko hapo nje anatafuta pa kuegesha gari. Nimefiwa na baba."

Akanisogezea karatasi, akanionyesha mahali pa kuandika jina kamili, kwa herufi kubwa. Nikamuuliza kama ana kalamu nyekundu. Akasema nyekundu hairuhusiwi.