Sahihi ya Kumi na Moja

Avgusta Prokopyevna Kanyukova alikuwa na mihuri mitatu, sefu moja ya kijani, na mikataba arobaini na moja ya ushirikiano na vyuo vya dunia nzima. Mikataba yote ilitundikwa ukutani kwenye fremu, kila mmoja na kibendera chake, na kila Ijumaa aliipangusa vumbi kwa kitambaa cha siki. Wanafunzi wa kubadilishana waliozaliwa na mikataba hiyo yote walikuwa mmoja. Aliitwa Nomindari, alitoka Mongolia, na alisomea uchimbaji wa visima vya gesi.

Usicheke. Mwaka uliotangulia walikuwa sifuri, na hiyo sifuri Naibu Mkuu wa chuo, Valerian Eduardovich Zhilin, aliisoma kikaoni kwa sauti ya mtu anayetangaza mavuno.

Nayajua haya kwa sababu chumba changu cha fotokopi kinapakana na Ofisi ya Ushirikiano wa Kimataifa. Chuo hiki cha ufundi kilinifukuza nikiwa mwaka wa tatu, kisha kikaniajiri. Sikosi shukrani: darasani hakuna aliyewahi kunipa barua za siri nizisome.

Avgusta alishuka kutoka Kerkiyol, kijiji cha juu ya mto, akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye cheti cha kupiga taipu. Miaka thelathini na sita aliandika majina ya miji ya mbali kwenye bahasha bila kuuona hata mmoja. Kila asubuhi alivua buti zake za sufu, akavaa viatu vya ofisini, akaweka birika, akatoa kopo la jamu ya moroshka, yale matunda ya manjano ya kwenye matope yetu, na hapo dunia ikaruhusiwa kuanza. Hakuogopa baridi wala dubu. Aliogopa karatasi isiyokamilika.

Woga huo ulikuwa na mwanzo wake. Mwaka wake wa tatu kazini, mwanafunzi mmoja kutoka nchi ya joto alirudi kwao na ski za chuo, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Alizitaka za nini, akateleze mchangani? Hakuna aliyejua, lakini mkuu wa wakati ule alimfokea Avgusta mpaka akajifungia chooni kulia. Kesho yake alichomeka karatasi kwenye taipureta, akaongeza mstari wa kumi na moja kwenye karatasi ya mzunguko: "Bohari ya Ski: hadaiwi."

Kwetu mtu haondoki hivihivi. Mwanafunzi anayekwenda zake, mfanyakazi anayeacha kazi, hata profesa anayestaafu, hupewa karatasi ya mzunguko azunguke nayo jengo zima: maktaba, bweni, stoo ya mashuka, stoo ya vinyago vya kujikinga na gesi. Kila mlango mtu asaini kwamba huyu hana kitu chetu. Aliyewahi kuponyoka bila kuzunguka ni mmoja tu, Lukyan Fomich, mtunza bohari ya ski mwenyewe, aliyekufa mwezi wa pili mwaka huu, na nasikia watu wa utumishi bado wamemnunia. Nafasi yake haikujazwa. Mlangoni pake kilibaki kipande cha boksi alichokiandika kwa mkono wake: "Nimetoka. Narudi baada ya dakika kumi na tano."

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, baridi ikiwa nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri, Nomindari aliingia ofisini kwa Avgusta, ambaye yeye humwita Shangazi Gusya, bila kubisha hodi. Mlango ulikuwa wazi na ukuta wetu ni wa mbao nyembamba.

"Shangazi Gusya, bibi yangu ameanguka. Kiharusi. Mama mdogo amepiga simu, daktari amewaambia siku tatu, labda nne. Shangazi, bibi ndiye aliyenilea."

"Umekula?"

"Sijala."

"Kaa unywe chai. Hapana, usikae! Treni ya Moscow ni saa kumi kasorobo, nyingine mpaka Ijumaa. Shika karatasi, kimbia. Anza maktaba, yule mama saa tano anakwenda kunywa chai na harudi."

Pasipoti ya Nomindari ilikuwa ndani ya sefu ya kijani. Ilikuwa imerudi siku ile ile kutoka uhamiaji ilikopelekwa kugongwa muhuri wa usajili, na kanuni ilisema mgeni anayeondoka katikati ya muhula hapewi pasipoti kabla ya sahihi kumi na moja. Bila pasipoti hakuna tiketi ya treni, seuze ndege.

Binti alikimbia. Maktaba ilisaini. Bweni lilisaini baada ya kuhesabu vijiko. Stoo ya vinyago ilimtaka athibitishe kwamba hakuwahi kuchukua kinyago. Akaandika kwamba hakuchukua, nao wakasaini kwamba ameandika. Saa saba mchana alikuwa na sahihi kumi, na mkononi ameshika ski alizoazimwa mwezi wa kumi na moja, amezifuta mpaka zinang'aa.

Nilimkuta mbele ya mlango wa Lukyan Fomich, anabisha hodi.

"Huyu anarudi lini?" akaniuliza.

"Siku ya ufufuo," nikamjibu, kisha nikatamani kuuma ulimi, maana alianza kulia bila sauti, ameng'ang'ania zile ski kama mtu aliyeshika chuma cha kitanda cha hospitali.

Nilimpeleka kwa Avgusta. Avgusta aliitazama karatasi, akautazama mstari wa kumi na moja, akavaa koti lake la vikao na kupanda juu kwa Zhilin. Nami nikapanda nyuma yake, maana nilikuwa nimeitwa huko: mashine ya Naibu Mkuu ilikuwa imemeza hotuba yake. Basi nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia, mkono wangu ndani ya mashine, walipoanza kuzungumza juu ya kichwa changu.

"Avgusta Prokopyevna, mpenzi wangu," alisema Zhilin. Alikuwa akimwita hivyo kila alipotaka kumnyima kitu. "Alhamisi tume inakuja kuhesabu wanafunzi wa kubadilishana. Wakikuta sifuri wataifunga ofisi. Ofisi yako, si yangu. Mkate wa kuwapokelea nimeshaagiza, na chumvi yake juu. Ataushika nani?"

"Bibi yake anakufa, Valerian Eduardovich."

"Mabibi wa wanafunzi hufa kila muhula. Wakati wa mitihani hufa mara mbili."

"Huyu anakufa kweli."

"Basi aende Ijumaa! Kwani mimi namzuia? Inayomzuia ni karatasi. Sahihi kumi na moja, anazo kumi. Hebu nikumbushe, mstari wa kumi na moja aliuweka nani?"

Avgusta alifunga kifungo cha juu cha koti lake.

"Sikuulizi kwa ubaya. Ni mstari mzuri sana. Miaka thelathini na mitatu haijapotea ski hata moja. Wewe, bado hujaitoa hiyo hotuba?"

Hilo la mwisho alikuwa ananiambia mimi. Nilimtolea kurasa zake zimejikunja kama majani ya kabichi.

Kwenye ngazi Avgusta alisimama, akashika ukuta. Nilidhani ni moyo. Akaniambia kitu ambacho miaka yote tuliyokunywa chai pamoja hakuwahi kukisema.

"Mama yangu alipokuwa anakata roho kule Kerkiyol, nilikuwa hapa nasubiri ruhusa yangu isainiwe. Mkuu wa utumishi alikuwa mtoni, anavua samaki kwenye tundu la barafu. Nikamngoja siku mbili. Nilipofika kijijini walikuwa wanakunja vitambaa vya meza ya matanga."

"Kwa nini hukuondoka tu?"

"Bila karatasi?" Aliniangalia kana kwamba nimemwambia atoke nje bila nguo.

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Hawakusema mtegaji hufanya nini akisikia kilio ndani ya mtego wake. Avgusta alishuka, akamshika Nomindari mkono, wakaenda pamoja hadi mlango wa Lukyan Fomich. Alibisha mara tatu, kwa adabu, akangoja. Kisha akaiweka karatasi juu ya ubao wa mlango na kuandika kwenye mstari wa kumi na moja, kwa mwandiko wake wa shule: "Ski jozi moja nimezipokea. Kanyukova A. P."

"Shangazi, watakufanya nini?"

"Zilete hapa hizo ski. Usiburuze, utakwaruza."

Sefu ilifunguka. Pasipoti ikatoka. Zilibaki dakika thelathini na tano, mwenye teksi anapiga honi nje, na hapo Avgusta akavuta viti viwili.

"Kaa."

"Shangazi, nitachelewa!"

"Kaa, nimesema. Asiyekaa kabla ya safari hafiki. Na wewe wa fotokopi, kaa, usisimame kama nguzo."

Tukakaa watatu, kimya, chini ya bendera arobaini na moja, tunaisikiliza honi. Sijawahi kuona dakika ndefu kama ile. Kisha Avgusta akasimama, akamtia Nomindari kopo zima la jamu kwenye mkoba.

"Mpe bibi. Mwambie imetoka kwetu, Kerkiyol. Haya, kwa heri, usigeuke nyuma."

Treni alipanda. Lile jambo moja lilifanikiwa, na mengine yote yakaharibika.

Alhamisi asubuhi Zhilin alikuja chumbani kwangu na joho la buluu la Kimongolia lililoachwa na Nomindari kwenye chumba cha sherehe. Aliniangalia usoni kwa muda mrefu. Mimi ni Mnenets, kabila la wafugaji wa kaskazini wenye sura inayokaribia ya Wamongolia, nimezaliwa kilomita mia tatu kaskazini ya jengo hili, ndani ya hema la ngozi ya paa wa theluji; nikiwa mgeni mimi hapa, basi mwenyeji ni Zhilin pekee na viti vyake.

"Vaa," akasema. "Usiongee sana."

Nilishika mkate. Mama mmoja wa tume alimega kipande, akachovya kwenye chumvi, akaniuliza taratibu, akitamka kila neno kama anayezungumza na kiziwi, kama majira yetu ya baridi nimeyazoea.

"Naanza kuyazoea," nikasema.

Akaandika: mmoja. Ofisi ikapona. Kwa hiyo binti angeweza kwenda tangu mwanzo bila kumuumiza mtu yeyote, lakini jambo hilo Zhilin hakuliona, au aliliona likamchoma zaidi. Mchana ule ule alimwita Avgusta, akampa kalamu. Kwetu mfanyakazi hafukuzwi, huandikishwa barua.

"Andika: naomba kuacha kazi kwa hiari yangu."

Akaandika. Hakukosea hata nukta. Kisha utumishi wakampa karatasi ya mzunguko, kama kawaida, ili arudishiwe kitabu chake cha kazi, ambacho bila hicho hakuna atakayemwajiri hata kufagia theluji.

Kufikia Ijumaa jioni alikuwa na sahihi kumi.

"Wa kumi na moja hautimii," alisema msichana wa utumishi. "Kumbukumbu zinaonyesha una ski jozi moja, umezipokea kwa sahihi yako."

"Ninazo. Hizi hapa. Nimrudishie nani?"

"Mtunza bohari."

"Amekufa."

"Basi subiri wateue mwingine."

"Niruhusu nizipokee mimi, nisaini."

"Hakuna anayejirudishia mwenyewe, Avgusta Prokopyevna. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

Basi akawa si mfanyakazi wala si mtu aliyeacha kazi. Kila siku saa mbili asubuhi alifika, akavua buti, akavaa viatu vya ofisini, na kwa kuwa meza yake alikuwa amepewa mpwa wa Zhilin, alikaa kwangu kwenye kigoda, ski zimeegemezwa ukutani kati yetu. Hakusoma, hakufuma. Alisikiliza ng'ambo ya ukuta kama mikataba inapanguswa. Haikupanguswa.

Ujumbe wa Nomindari ulikuja Jumapili, Avgusta akauona Jumatatu, kwa kuwa simu yake aliiacha ilale chumbani kwangu. Alinipa nimsomee, akisema miwani imepata ukungu. "Nilifika Ijumaa usiku. Bibi alikuwa anapumua. Hakunijua, Shangazi, aliniita kwa jina la mama. Lakini jamu alilamba kijiko kimoja akauliza ni tunda gani hili. Ametuacha Jumamosi."

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Siku ile nilisoma mara nne. Sikumwambia kwamba asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimetoa nakala sita za amri ya kumfuta Nomindari chuoni, kwa kuondoka bila idhini.

Mwezi wa nne ukaingia. Barafu ya mto wetu mwezi wa nne ni kama ahadi za Zhilin, inang'aa juu na chini inaliwa na maji. Jumatano iliyopita Avgusta alikuja kama kawaida, lakini hakuvua buti. Alizitazama ski kwa muda, kisha akaanza kuzifunga miguuni palepale ndani, kwenye sakafu ya fotokopi.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kerkiyol. Kwa mama."

"Kwa ski za chuo?"

"Kwa ski za chuo."

"Barafu imelegea. Ngoja wiki mbili, mashua zianze."

"Nilishangoja siku mbili," akasema. "Zinatosha. Keti."

Tukaketi, mimi kwenye kiti, yeye kwenye kigoda na miguu yake mirefu ya mbao imefika hadi mlangoni. Kisha akasimama. Nilimsaidia kushuka ngazi, akaanza kuteleza kuelekea mtoni, polepole, mgongo umenyooka, bila karatasi yoyote mfukoni.

Leo ni Jumatatu. Kerkiyol hakuna mtandao wa simu, na mtu wa kutoka kule bado hajaja. Asubuhi Zhilin alichungulia chumbani kwangu, akautazama ukuta mtupu.

"Kanyukova yuko wapi?"

Nilifurahi kidogo kwamba amemuulizia.

"Maana zile ski," akasema, "ni mali ya chuo."

Alipokwenda zake nilichukua kipande cha boksi, nikaandika kwa herufi kubwa nikakitundika mlangoni pangu, juu ya kigoda chake: "Ametoka. Anarudi baada ya dakika kumi na tano." Tangu hapo kila buti likilia ukumbini nazima mashine nisikilize.