Mlezi wa Ute wa Njano

Ukweni kwake kila mtu aliamini kwamba Mama Pacha, mhudumu wa maabara, ndiye anayemlea tumbili. Ukweli ulikuwa mwingine. Pale kazini wataalamu walikuwa wakilinganisha viumbe wawili: tumbili wa aina ya makaki, na kuvu-ute, kitu cha njano chenye utelezi, kisicho na macho wala ubongo, kinachotambaa taratibu kwenye sahani ya kioo. Walitaka kujua kila mmoja anatafutaje njia ya kukifikia chakula. Mama Pacha alikabidhiwa ute. Lakini nani ajigambe ukweni kwamba analisha ute? Akasema tumbili. Hata alipokatwa na kioo mkononi, alidai tumbili kamkwaruza, na mama mkwe wake akamkanda kwa maji ya moto huku akimpa pole.

Kazini ilipofika siku ya wageni, mama mkwe akaja na viatu vyake vya kutokea, akaomba aonyeshwe huyo tumbili. Mama Pacha akampeleka. Tumbili akamtazama Mama Pacha kama asiyemjua, akakenua meno, akakimbilia kona ya mbali. Mtunzaji wake, mzee mcheshi, akacheka.

“Dada wa ute, leo umepotea njia?”

Mama Pacha alitamani ardhi impasukie. Mama mkwe akamvuta mkono mpaka ukumbini.

“Haya, nionyeshe cha kwako.”

Mama Pacha akampeleka kwenye chumba cha ute, akamfungulia kabati lenye giza, akaeleza kwa sauti ya chini, macho chini. Tumbili hutazama kwanza, akachagua mlango mmoja wa kuendea chakula, na akikosea hununa. Ute hujitandaza njia zote kwa pamoja, kisha hujikusanya penye shayiri, na ulikopita huacha alama ili usirudi huko tena.

Mama mkwe akainama, akautazama kwa muda.

“Na kile kidonda?”

“Kioo, mama.”

“Mwanangu, majirani wote nimewasimulia habari za tumbili wako. Sasa nikawaambie nini?”

Uso ulimwaka Mama Pacha. Akashika kibano ili aweke punje za shayiri, zikamponyoka, zikamwagika mezani. Mama mkwe akaweka mkoba wake chini, akaanza kuziokota moja moja bila kumwangalia, na hilo ndilo lililomuuma Mama Pacha zaidi.