Kwenye Faili Hayupo

Kila asubuhi fundi wa kompyuta wa hospitali hupuliza kibodi isiyo na vumbi, akaalisha vidole vikalia, ndipo aandike amri yake ya mstari mmoja inayounganisha faili la majina na faili la majibu ya maabara, namba kwa namba. Namba ikitofautiana hata kwa sifuri moja ya mbele, amri humtupa mtu nje kimyakimya. Muuguzi amemwimbia onyo hilo mpaka koo limemkauka.

“Kaka, kuna mzee amebaki benchi hapo nje. Jibu lake halikutoka.”

“Kompyuta imelalamika?” Fundi hakugeuka, akaongea taratibu, kama anayebembeleza mtoto. “Haikulalamika. Basi hayupo.”

“Hayupo! Na hicho kikohozi ni cha nani?”

“Nitajie namba yake.”

“Inuka umuulize mwenyewe!”

Kiti kililia, kilishasahau kwamba bwana huyu huwa anasimama. Akachungulia dirishani, mkono mmoja bado umeshika kipanya.

“Shikamoo, mzee. Namba yako ngapi?”

“Marahaba.” Mzee akainua kikaratasi kilicholoa jasho. “Si ndiyo hii hapa, mwanangu. Nimeinyoosha kwenu tangu asubuhi, nikadhani hapo dirishani hakuna mtu.”