Spika Niliyosahau Kuunga Waya

Mama yangu aliisifu spika ambayo haikuwa ikitoa sauti yoyote.

Nilikuwa nyuma ya boksi, waya mkononi. Nilikuwa nimesahau kuuunga.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni fundi spika, na nilikuwa na maringo. Nabadilisha kapasita, naweka waya mnene, napachika vipande vya raba chini ya boksi, mteja anasema anasikia tofauti. Basi nikajiona mimi ndiye mimi.

Mama akaanza kulalamika. Nyimbo za kwaya yake, walizorekodi enzi za usichana wake, maneno hayatoki vizuri. Dada yangu akashauri apelekwe kupimwa masikio. Nilimcheka. Nikamwambia abaki na cherehani yake, mambo ya sauti aniachie mimi.

Miezi minne nikahangaika na boksi la spika yake. Kila nikimaliza namtazama mama, naye anatikisa kichwa.

"Afadhali, mwanangu. Afadhali sana."

Nikawa natamba kwa dada.

Mpaka siku ile. Mama aliona taa ya redio imewaka, akafumba macho, akaanza kuyumba taratibu kama yuko kwaya.

"Hapo sasa. Leo umeipatia."

Chumba kilikuwa kimya kabisa.

"Mama," nikamwita kutoka nyuma ya boksi.

Hakufumbua macho.

"Mama!"

Akaendelea kuyumba.

Daktari alisema usaha umeharibu masikio yote mawili kwa ndani. Akauliza tulikuwa wapi muda wote huo, maana mwanzoni dawa zingetosha. Dada aliangalia ukuta. Heri angenitukana.

Nyumbani nilimwandikia mama kwenye karatasi: kwa nini ulisema unasikia?

Alijibu kwa sauti kubwa mno, maana haisikii tena sauti yake mwenyewe.

"Ulishinda umejikunja sakafuni kwa ajili yangu. Ningekuvunja moyo vipi?"

Nililia mbele yake bila aibu.

Kazi bado naifanya. Nikimaliza kuunga waya mpya, wateja wanatikisa kichwa, wanasema hapo sasa. Zamani nilikuwa nafurahi. Siku hizi sijui nani amesikia kweli na nani ananionea huruma.

Wewe unayesoma, mtu wako akikwambia hasikii vizuri, anza na sikio lake. Mimi nilianza na spika, na sasa inaimba vizuri kuliko zamani, ila mwenye nyimbo haisikii.