Guyo Hakujua Kujisifu

Guyo ameenda? Jamani, bado haijaniingia akilini. Jumapili tulicheka kwa simu, Jumanne mtoto wake akanipigia. Nilipofika Isiolo walikuwa wameshamzika. Waislamu hawangoji mtu, hata rafiki wa utotoni.

Tulikalia dawati moja miaka ya sabini. Baba yake alikuwa dalali wa ng'ombe sokoni, wangu karani kutoka Meru.

Guyo alikuwa akifungua mdomo wa ng'ombe, anaangalia meno, anakutajia umri. Mimi niliogopa hata ndama!

Kwao mtoto haongei mbele ya wazee, na kujisifu ni aibu ya nyumba nzima. Kwetu, baba alitusimamisha mezani baada ya chakula: "Speak up! Niambie wewe ni nani!"

Tulipomaliza shule tukaitwa interview ya msaidizi wa mifugo. Nafasi moja. Guyo akaingia kwanza. Wakamuuliza kwa nini wamchukue yeye. Akaangalia chini, akasema, "Waulizeni wanaonijua." Alinisimulia akitoka, ametulia, akiamini amejibu vizuri.

Na kweli wakauliza. Mwenyekiti wa panel aliniuliza mimi: "Huyo mwenzako anajua ng'ombe?"

Nikasema, "Ni mtu mpole, sir."

Basi. Kazi nikapata.

Miaka ya themanini, nikikwama na mifugo wagonjwa huko Ngaremara, namtumia Guyo salamu, anakuja na lori la kwanza. Ananiambia, "Mwenda, tenga huyu na yule. Hao wengine wako sawa." Hakukosea. Mimi naandika ripoti, naweka sahihi yangu. Promotion zikaja, na wa kwanza kunipongeza alikuwa yeye. Mashallah nyingi!

Vijana mnaonifuata hapa mtandaoni, mmenisikia mara ngapi nikisema nilifika kwa bidii? Bidii ilikuwepo, sikatai. Lakini nililelewa na baba aliyenifundisha kuongea, na mwenzangu akalelewa kunyamaza mbele ya wakubwa. Nilijua hivyo, na nikamwacha anyamaze.

Guyo, ndugu yangu, Idi iliyopita nilikuja kwako nikiwa nimejiandaa kukuambia. Ukanikalisha kwenye mkeka, ukawaita wajukuu: "Huyu alitushinda sisi wote kwa akili." Wakanisalimia kwa heshima, mmoja mmoja. Nikanywa chai, nikaaga. Najuta.

Lala salama, Guyo. Ile kazi ilikuwa yako.