Siku Gulwe Ilipomwamini Shamila

Ikifika Novemba, hapa Dodoma watu hawasalimiani vizuri. Ukimuuliza mtu habari za asubuhi, anakujibu joto. Mabati yanaanza kulia jua halijapanda sawasawa, maji ya bomba yanatoka kama yaliyobandikwa jikoni, na upepo ukija unakuja na vumbi lake. Hapo kila mtu hutafuta wa kumlaumu. Sisi wa Makole tulikuwa na wa kumlaumu karibu kabisa: Shamila binti Shaibu, msomaji wa utabiri wa hali ya hewa kwenye redio.

Redio yenyewe ni ndogo. Iko Miyuji, kwenye nyumba ya kawaida yenye mnara nyuma, lakini inasikika mpaka Mpwapwa na vijiji vyake. Kila jioni Shamila alipokea taarifa ya wataalamu, akaisoma kwa sauti yake laini: vipindi vya mvua katika maeneo machache, na jua katika maeneo mengine. Akimaliza anarudi nyumbani, na njiani anavuna maneno. Muuza nyanya anamwambia mzigo wake umeoza kwa mvua ambayo redio ilisema haiji. Fundi ujenzi anamsimamisha: "Dada, ulisema mvua nikaacha kumwaga zege. Wiki nzima limewaka jua. Hasara yangu nani anailipa?"

Hata mama yake, Bi Mwanaharusi, mpika vitumbua, hakumwonea huruma. Siku moja alianika mchele kwa ajili ya unga, kwa kuwa mwanawe alitangaza kutakuwa kukavu. Mvua ikapiga mtaa wetu peke yake, mchele ukaogelea. Tangu hapo, Shamila akianza kusoma, mama mtu hutoka uani akatazama juu mwenyewe.

"Nakupenda mwanangu," alimwambia, "ila kwa mchele wangu nitaangalia kwa macho yangu."

Shamila hakubishana na mtu. Amekulia dukani, baba yake na babu yake waliuza vitambaa hapa mjini, na huko alijifunza kwamba mteja anayelalamika bado yupo mlangoni. Wa kuogopa ni yule aliyekwenda zake kimya.

Basi mwezi wa kumi na mbili, wakati joto limetukaba kooni, akaingia pale redioni mzee mmoja mrefu, amevaa koti zito licha ya jua lile, mkononi ana mfuko wa plastiki. Aliulizia msomaji wa utabiri. Shamila akatoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetuletea mvua?"

"Mimi nasoma tu taarifa, mzee."

"Mimi naitwa Mazengo, natoka Gulwe, bondeni chini ya Mpwapwa. Nimekuletea mvua yako." Akaufungua mfuko na kumwaga mezani miche ya mahindi, mikavu kama mabua ya mwaka jana. Akaeleza kwamba alisikia redioni mvua inakuja, akapanda shamba lote. Mahindi yakaota kwa unyevu mdogo uliokuwepo, kisha jua likayamaliza.

Shamila aliitazama ile miche mmoja mmoja. Akauliza, "Siku ile hamkuona hata wingu?"

"Tuliliona. Lilipita juu yetu likaenda kunyesha Mpwapwa."

"Basi ndiyo hiyo mzee. Taarifa ilisema maeneo machache."

Mazengo akaegemea meza. "Kila siku maeneo machache. Hayo machache hayana majina? Hakuna watu wanaoishi humo wakasema, jamani, huku imenyesha?"

Hakungoja jibu. Alikunja mfuko wake, akaaga kwa adabu na kuondoka. Lakini swali alilibakiza, na Shamila alilibeba mpaka nyumbani. Bi Mwanaharusi anasema usiku ule binti hakula vizuri, na akiulizwa ana nini anasema anafikiria majina.

Asubuhi yake, msimamizi wa vipindi, Respicius, mtu wa Bukoba aliyehamia hapa kikazi, alimwita. Meseji za matusi zilikuwa zimezidi. Aliona bora utabiri uondolewe, muda ule upigwe muziki.

"Niachie huo muda," Shamila akasema. "Nikimaliza kusoma, tufungue simu. Waache wanilalamikie hewani."

"Watakutukana, Shamila."

"Akitukana unamkata. Lakini kila anayepiga aseme kwanza yuko wapi na kwao kukoje. Imenyesha au haikunyesha."

Respicius alicheka, si kwa ubaya, akampa nafasi ya kujaribu. Kipindi wakakiita Kwenu Vipi.

Siku ya kwanza mtu wa kwanza kupiga alikuwa jirani yetu hapa Makole, akilalamika kwamba aliambiwa mvua na amekula vumbi mchana kutwa. Kabla hajamaliza, simu ya pili ikaingia, mama mmoja wa Miyuji. "Huyo anasema nini? Huku tumekinga ndoo, mpaka mabeseni yamejaa." Wakaanza kubishana hewani, yule anamwita mwenzake mwongo, huyu anamkaribisha aje ashike matope. Shamila akawaachia kidogo, kisha akasema taratibu, "Jamani, leo Miyuji ndiyo ilikuwa maeneo machache. Kesho labda Makole."

Nilikuwa nasikiliza dukani na wenzangu. Tulicheka, lakini ndani ya kile kicheko kuna kitu kilitukaa sawa. Miaka yote tulidhani tunadanganywa, kumbe kila mmoja alikuwa anapima mkoa mzima kwa uwanja wa nyumba yake.

Kipindi kikashika moto. Watu walipiga kulalamika kuliko zamani, ila sasa wanalalamika kwa anwani. Wa Gulwe alikuwa Mazengo, ambaye hakukosa hata jioni moja. Alilalamikia jua, akalalamikia upepo, na siku ilipowanyeshea alilalamika kwamba imekuja imechelewa. Wa Mpwapwa mjini alikuwa Dorothea, mama mcheshi anayezunguka minadani akiuza chumvi na kamba za kufungia mifugo, kwa hiyo kila mfugaji wa upande ule anamjua. Walipiga kwa zamu, wanataniana. "Mzee Mazengo, tumewanyang'anya tena wingu lenu," Dorothea anasema, na mzee anamjibu amrudishie.

Januari ikafika na siku ya mnada wa Gulwe. Mnada ule ulifanyika kwenye mchanga wa korongo, kwa kuwa pana nafasi na muda mwingi wa mwaka ni pakavu. Mazengo ndiye katibu wake. Siku hiyo watu walijaa: ng'ombe, mbuzi, wauza mitumba, mama ntilie na masufuria yao, wachoma nyama, watoto mgongoni. Juu, anga buluu tupu. Jana yake Shamila alisoma kwamba mvua kubwa inatarajiwa kwenye milima ya Mpwapwa, na asubuhi Mazengo akapiga simu redioni kulalamika kwamba mawe yanaunguza.

Mchana, muziki ukiendelea hewani, simu ya ofisini ikalia. Alikuwa Dorothea, na siku hiyo hakuwa na utani.

"Shamila, leo sikwenda mnadani, barabara haipitiki. Imenyesha tangu alfajiri. Korongo limejaa kingo kwa kingo, limechukua banda langu la kuku na sasa linachukua miti. Haya maji yanateremka Gulwe."

Shamila alikimbia kwa Respicius na kumwomba akate muziki. Respicius akasita. "Gulwe kuna jua kali. Tukiutawanya mnada na maji yasije, hatuna redio tena. Nani atatusikiliza?"

"Yasipokuja watanitukana mimi," Shamila akasema. "Nimeshazoea."

Respicius alimtazama kidogo tu, kisha akaenda mwenyewe kuuteremsha muziki na kumwashia kipaza sauti.

Sisi Makole tuliusikia wimbo ukikatika katikati. Bi Mwanaharusi alikuwa anasuuza vyombo, akaacha mikono majini. Sauti ya binti yake haikutetemeka. Alisema anawaomba wote walio mnadani Gulwe wamsikilize, na kwamba anampigia katibu wao hewani. Pale mnadani redio ilikuwa inaunguruma kwenye spika za mchoma nyama, kwa hiyo karibu wote walisikia jina la Mazengo likiitwa, na simu ya Mazengo ikilia mfukoni mwake.

"Mzee, toeni watu kwenye korongo. Maji yanakuja."

"Binti, huku hata wingu la kufunika kuku hakuna."

"Sisemi mvua ya Gulwe, mzee. Nasema maji ya Mpwapwa. Njia yake ni hapo mliposimama. Nina Dorothea kwenye simu nyingine, msikilize mwenyewe."

Dorothea akaingia. "Mzee Mazengo, mimi nimesimama juu ya ngazi za shule na nyumba yangu siioni mlango. Kama umewahi kuniamini hata kwa kamba moja niliyokuuzia, waondoe watu."

Mazengo alikuja kutusimulia baadaye kwamba hapo hapo aligeuka kuutafuta mkeka wa Dorothea, mahali anapokaa kila mnada, na kukuta patupu. Akaishusha simu, akanyanyua kipaza sauti cha mnada.

Aliamuru kila mtu apande tuta la reli na uwanda wa juu yake. Mama ntilie waliokota masufuria. Wafugaji wengine walianza kuswaga. Lakini mnunuzi mmoja mkubwa wa ng'ombe, Wambura, alikuwa katikati ya biashara, na watu wake wakasimama naye. "Utabiri huu nimeusikia tangu nikiwa mdogo," akasema. "Haujawahi kulowesha hata kofia yangu."

Mazengo akamfuata, kipaza sauti mkononi, kila mtu anasikia. "Wambura, katika watu wote wa wilaya hii, aliyemchukia yule binti kuliko wote ni mimi. Nilibeba mahindi yangu yaliyokufa mpaka Miyuji kwenda kumsuta. Mimi leo nahama. Wewe unangoja nini?"

Wambura alitazama juu, akatazama lile zee lenye hasira, kisha akawapungia vijana wake. Ng'ombe wakaanza kupanda.

Walikuwa bado wanasukumana tutani iliposikika sauti, kama lori linalopita kwenye mawe. Maji yalitokea kwenye kona, mekundu, yamebeba matawi na magogo, yakaufagia mchanga wote kutoka ukingo huu mpaka ule. Meza za mchoma nyama ziliondoka zikizunguka. Spika ziliondoka. Mahali waliposimama ng'ombe wa Wambura, maji yalikuwa yanavuka kimo cha mtu. Juu ya tuta watu wakaanza kuitana majina, kila mmoja akihesabu wake. Kila aliyeitwa aliitika. Hakupotea mtoto, hakupotea mzee, hakupotea hata mbuzi.

Redioni Shamila alikuwa bado hewani, anaongea peke yake na simu iliyokatika. Halafu simu ikaingia. Alikuwa Mazengo, anahema.

"Binti."

"Naam mzee."

"Yamekuja. Yamekuja, na sisi wote tuko juu. Wote. Sikiliza." Akaielekeza simu kwa watu, na studio nzima ikajaa vigelegele vya Gulwe, miluzi ya wafugaji, na ng'ombe wanaolia kwa mbali. Shamila alivua vipokea sauti akaviweka mezani, akafunika uso kwa mtandio wake na kulia. Respicius, mtu ambaye hatujawahi kumwona hata akicheka kwa nguvu, alikuwa anapiga meza kwa mikono miwili.

Hapa Makole mtaa ulihamia kwa Bi Mwanaharusi. Muuza nyanya alikuja na tenga. Fundi ujenzi alikuja. Bi Mwanaharusi alikaa kibarazani kama mama wa harusi, na kwa kila aliyeingia alisema neno lile lile: "Mmemsikia? Huyo nimemzaa mimi."

Mwezi uliofuata mnada ulifunguliwa upya, safari hii kwenye uwanda wa juu, mbali na korongo, na wakamwomba Shamila aende. Alikwenda na mama yake. Wanawake walimpokea kwa nyimbo za Kigogo tangu barabarani, Dorothea akamvisha kamba mpya shingoni kama shada, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mazengo alimpandisha kwenye meza ili wote wamwone, na Shamila, aliyezoea kuongea na ukuta wa studio, alitazama ule umati usiokwisha na kusema sentensi moja tu: "Nashukuru kuwaona mko wazima." Vigelegele havikumruhusu kuendelea.

Wambura ndiye aliyefunga siku. Alikuja anamvuta beberu mkubwa mweupe, akamkabidhi Bi Mwanaharusi kamba bila hotuba. Walirudi naye mjini nyuma ya pikapu, mama ameshika pembe njia nzima ili mnyama asiruke. Ijumaa ile, baada ya swala, pilau ya beberu huyo ililiwa mtaa mzima, walalamikaji wote mstari wa mbele, na jua la saa nane lilikuwa kali kweli kweli. Tulililalamikia tukiwa tumeketi kivulini kwa Shamila, sahani zimejaa, na yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kulisema.