Lusiana anaona kila skrini, ila sasa anajua wa kumwambia

Shule zimetoka, na benchi lililo nje ya kafe ya intaneti, jirani na stendi ya Nachingwea, limejaa mashati meupe. Ndani kuna kompyuta chache na feni moja inayozunguka kwa kusuasua. Lusiana Kipriani amekaa kwenye meza ya pembeni, kikombe cha uji mkononi, macho kwenye skrini yake.

Skrini hiyo imegawanyika vijumba vidogo vidogo. Kila kijumba ni kompyuta ya mteja mmoja. Huyu anasoma habari za mpira, yule anachati, mwingine anatazama magari ambayo barabara zetu zingeyavunja kwa wiki moja.

"Namba nne," Lusiana anaita bila kuinua kichwa. "Hiyo siyo baiolojia."

Kicheko kinalipuka. Mvulana wa namba nne anafunga ukurasa haraka na kujifanya anakohoa.

Programu hiyo iliwekwa kwa ajili ya kuhesabu dakika za wateja. Kwamba inamwonyesha pia wanachokitazama, Lusiana aliligundua mwenyewe baada ya kuajiriwa, mwaka 2006. Kabla ya hapo alikuwa muuza vitumbua hapa hapa stendi. Nusu saa kwa kompyuta ni shilingi mia tano. Mshahara wake hapendi kuutaja.

"Unanunua sabuni ya kufulia sare za wanangu," anasema. "Mihogo tunayo shambani, Lionja. Hatulali njaa."

Huko Lionja ndiko alikokulia, mtoto wa wazazi waliovuka kutoka Msumbiji. Anasema mtoto wa wakati ule hakuhitaji mashine ya kumchunga. Akionekana mbali na kwao, mtu mzima wa kwanza kumwona alimuuliza ametumwa na nani, na jibu likichechemea alirudishwa nyumbani kwa sikio.

Kwa hiyo habari ya skrini yake ilipoenea mjini, wazazi walifurahi. Wakaanza kumpigia simu. "Dada Lusiana, mwanangu yupo hapo? Anatazama nini?" Naye alijibu wote, na hakuficha kwamba kazi hiyo ilimpendeza. Macho hayana pazia, na macho ya Lusiana yalikuwa yamepewa madirisha mengi.

Mwaka jana, msimu wa korosho ulipokuwa unaisha, kijumba kimoja kilimshtua.

Aliyekaa kwenye kompyuta ile ni msichana wa kidato cha pili. Yeye na baba yake wamekubali habari yao iandikwe, ila majina tumeyabadili. Tutawaita Yasmini na mzee Swalehe. Yasmini alikuwa akichati na mtu aliyejiita mwanafunzi wa Ruangwa. Lusiana alisoma maneno ya mtu huyo na uji ukampalia. Alimtaka binti asimwambie yeyote kuhusu yeye. Alimuuliza kama amekwisha kuchezwa unyago. Kisha akaandika kwamba siku moja aende Ruangwa, atampokea kwa pikipiki.

"Nikasema huyu si mwanafunzi," Lusiana anakumbuka. "Mwanafunzi gani wa Ruangwa ana pikipiki yake? Nilimwona mtoto yule kama wangu."

Hakumsemesha Yasmini. Binti alipolipa na kutoka, Lusiana alichukua simu akampigia baba yake, mkulima wa korosho na ufuta wa Mtua. Akamsimulia yote.

Hapo ndipo alipokosea, na mtu wa kutoka mbali asingeliona kosa lenyewe liko wapi.

Kwa familia nyingi za huku, binti akishatoka unyagoni, baba yake hamzungumzii habari za wanaume, hata kwa mafumbo. Yana mwenyewe hayo. Ni ya kungwi aliyemfunda, ambaye binti humwita somo maisha yake yote. Baba akiyasikia kabla ya somo, hana pa kuyapeleka.

"Niliona aibu mpaka nikakaa chini," anasema mzee Swalehe, mtu mpole anayeongea akitazama mikono yake. "Mwanamke wa watu ananieleza mambo ya binti yangu. Mimi nitamwambiaje mtoto? Nikamnyang'anya simu, basi. Sikutia neno."

Simu yenyewe baba ndiye aliyemnunulia, baada ya kuuza korosho, kusudi amlinde. Kila siku masomo yakiisha alimpigia kumuuliza swali moja tu: "Uko wapi?" Yasmini alijibu bado yuko darasani, anajisomea. Mara nyingine alikuwa darasani kweli.

Sasa simu ilikuwa mfukoni kwa baba, na binti hakuelezwa sababu. Ila aliijua. "Nilijua nimechongewa na dada Lusiana," anasema Yasmini. "Angeniambia mimi mwenyewe ningemsikiliza. Lakini baba alininunia, mama akaninunia, nikaona mtu anayenisemesha vizuri ni yule wa Ruangwa tu."

Akaacha kwenda kafe. Akawa anatumia simu ya rafiki yake yenye intaneti, na huko hapakuwa na vijumba vya kumwonyesha.

Jumamosi moja asubuhi mzee Swalehe aliingia kafe kofia mkononi. Binti aliaga anakwenda twisheni. Baba alipompelekea ada, akakuta twisheni haipo.

"Yupo hapa?" aliuliza.

Lusiana alitazama vijumba vyote, ingawa jibu alilijua. "Hayupo, mzee wangu."

Mpiga debe aliyekuwa mlangoni akadakia. Msichana wa mtandio wa njano alipanda gari la Ruangwa, tena gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Mzee Swalehe alitoa ile simu mfukoni, akaitazama. Simu aliyoinunua ili ajue mtoto alipo alikuwa nayo mwenyewe.

"Nenda kwa Mwamini," mzee alimwambia Lusiana kwa sauti ya chini. "Mimi nikimpata nitampiga tu. Maneno sina."

Mwamini ndiye aliyemfunda Yasmini. Ni mama wa makamo anayeuza dagaa sokoni, mcheshi, na siku hiyo hakucheka hata kidogo. Lusiana anakumbuka alivyomfokea huku akifunika dagaa wake kwa kanga: "Wiki nzima unayo hayo, unampa baba mtu! Baba atayafanya nini? Atayameza yamkwame! Mimi nipo hapa, hatua chache na mlango wako!"

Lusiana alilia. Kisha akafuta machozi, akampigia Amri.

Amri ana kibanda cha vocha na simu ya kulipia pale magari yanaposhushia abiria Ruangwa. Asiye na simu mjini Ruangwa, ndugu zake humpata kupitia Amri, na ndivyo Lusiana anavyompata shangazi yake. Alimweleza habari ya mtandio wa njano. Halafu wakasubiri, baba, somo na yeye, wateja wakiachwa wacheze bure. Mzee Swalehe hakukubali kukaa. Alisimama akiegemea ukuta mpaka simu ikaita.

Tulimkuta Amri kibandani kwake. "Gari liliposimama nilimwona anashuka, anaangaza macho," anasema. "Nikamwita, dada, una simu yako hapa. Akashtuka, maana hapa hajulikani. Akaipokea. Sikusikia aliambiwa nini. Yeye alisema 'bado', basi, akaanza kulia."

Swali aliloulizwa tulilipata kwa Mwamini.

"Nilimwambia, mwali wangu, ni mimi somo yako. Umekula?" anasema, na kushangaa kwamba tunashangaa. "Mtoto aliyetoka kwao kwa kujificha hajala. Ningemuuliza uko wapi, angekata simu. Hilo ni swali la polisi."

Amri alimkalisha kwenye benchi lake na kumwagizia chai na mandazi kwa mama ntilie. Anasema haukupita muda mrefu akatokea mwanamume mwenye pikipiki, mtu mzima mwenye ndevu zake, akamwita binti kwa jina. Yasmini alimtazama. Hakufanana na picha aliyotumiwa. Amri akasimama, na waliokuwa wakinywa chai wakasimama. Mtu yule akageuza pikipiki akaondoka. Mwamini alifika mchana na kurudi na mwali wake, na walichozungumza njiani hakimhusu mwandishi.

Kafe imebadilika tangu siku hiyo. Lusiana ameigeuza meza yake, skrini inaelekea kwa wateja, na kila anayeingia anaona anavyoonekana. "Zamani nilikuwa nachungulia," anasema. "Sasa tunaonana."

Na akiona jambo, humwambia kwanza mtoto mwenyewe, kwa sauti ya chini. La wasichana likizidi anakwenda kwa somo, la wavulana kwa aliyewalea jandoni. Wazazi wanaopiga simu kuulizia anawajibu, ila si kila kitu.

Ana mpango ambao mwenye kafe ameukubali huku akicheka. Anataka awakusanye makungwi wa mjini na wa vijiji vya karibu, awakalishe kwenye kompyuta hizi siku moja kila mwezi, waone wenyewe wanachokiona mabinti waliowafunda. Mwamini amekwisha kuanza. Alishika kipanya cha kompyuta kama anayeshika kifaranga, akauliza kinang'ata au haking'ati. Baadaye Lusiana angependa chumba kama hiki kiwepo Ruangwa pia, jirani na kibanda cha Amri. Fedha hana. Nia anayo, na anaisema kwa sauti ili watu wamdai.

Tunapoaga, kwenye kompyuta ya dirishani amekaa msichana wa kidato cha tatu, anatafuta maswali ya mitihani iliyopita. Ni Yasmini. Simu yake, aliyorudishiwa, inaita juu ya meza. Ni baba yake. Spika ya simu ni kali, hatukuhitaji kutega sikio.

"Umekula?" anauliza mzee Swalehe.

"Bado, baba," anajibu Yasmini. "Niko kwa dada Lusiana. Nakuja."